Mzee Tluway, Miaka Thelathini na Sita Chini ya Kapelo ya Bata

Ndugu Agustino Tluway, mhudumu mkuu wa mabwawa katika kituo chetu cha samaki hapa Bashay, anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba 2025. Aliajiriwa tarehe 1 Novemba 1989. Ukihesabu ni miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo alichelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza mke wake alikuwa anajifungua. Mara ya pili alikuwa anamzika.

Mkuu wa kituo, Mama Gaudensia, ndiye aliyesema wasifu huu niandike mimi, Yona, kibarua wa mabwawa. Wasomi wapo hapa, tena wengi, lakini alisema wasomi wataandika ripoti. Mimi siku za kazi nasukuma toroli, siku za mnada nauza mitumba, kwa hiyo kuongea naweza. Kwenye kuandika mtanisamehe.

Mzee Tluway alipoanza kazi, watu wa huku hawakula samaki. Wazee walikuwa wanamweka samaki kundi moja na nyoka. Serikali imechimba mabwawa, imeleta vifaranga vya samaki, imeajiri mtu, na huyo mtu akipeleka samaki nyumbani mama mkwe wake anakataza sufuria isiguswe. Mke wake, marehemu mama yetu Efrazia, alinunua sufuria ya pembeni, akawa anapika nje nyuma ya zizi. Watoto ndio walianza kula. Mama mkwe alikula mwaka wa tisa, kimya kimya, akamaliza sahani, halafu akasema, "Kuku wa Agustino wana miiba sana." Mpaka anafariki hakukubali kwamba alikula samaki.

Leo ukienda Bashay, ukienda Gitting, ukienda Masakta, utakuta mama ana kibwawa chake nyuma ya migomba na watoto wanakula perege Jumapili. Vifaranga vyote vimetoka hapa. Vimetoka mikononi mwa huyu mzee.

Sasa niwaeleze kazi yake ilivyo, maana wageni wengi hawaijui. Bwawa kubwa lina samaki maelfu, lakini wazazi wa mbegu ni wachache. Mwaka 2008 mwezi wa saba ilipiga baridi mbaya, asubuhi samaki wote wakawa wanaelea matumbo juu. Wenzake walichukua majembe wafukie. Mzee Tluway aliingia majini na suruali yake, akatembea bwawa zima, akakuta kumi na mmoja bado wanapumua. Hao kumi na mmoja ndio walizaa mbegu inayovumilia baridi ya Mbulu. Mpaka mwaka huu tulikuwa na mama ishirini na saba wa ukoo ule, na mzee alimjua kila mmoja kwa sura. Aliwapa na majina. Kuna Mhasibu, huyo kila chakula kikimwagwa anakuja kuhakiki. Kuna Mwenyekiti, yeye hajishughulishi. Na kuna Mama Mkwe, pezi lake la mgongoni limechanika na mdomo wake anaufunga muda wote.

Mzee hakuwatoa wale mama kwa wavu. Wavu unachubua magamba. Halafu perege mama anabeba watoto mdomoni. Wavu ukimbana anawatema wote na wanakufa. Kwa hiyo yeye alivua kwa fimbo ndefu nyembamba na ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya jogoo mpaka inafanana na mdudu. Alifundishwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekaa hapa miaka miwili zamani zile. Anarusha uzi mbele, anaurudisha nyuma, anaurusha tena, mdudu anatua juu ya maji taratibu mbele ya samaki yule yule anayemtaka. Akishamtoa anamwangalia magamba, macho na tumbo, halafu anamrudisha. Watu wakipita barabarani walisimama kushangaa. "Huyu mzee anachapa maji yamemkosea nini?" Na wengine, "Anavua halafu anarudisha! Mshahara analipwa wa nini?" Yeye anajibu "Karibuni," anaendelea.

Ile kazi inataka macho. Lazima umwone mama kabla hujarusha, uone kama mashavu yamejaa watoto au hayana kitu. Na mtaalamu yule alipoondoka alimwachia vitu viwili: ile fimbo, na kapelo ya mdomo mrefu. Mrefu kweli, karibu mara mbili ya kapelo za kawaida, na upande wake wa chini umeshonewa kitambaa cha giza. Vijana tuliita kapelo ya bata. Tulicheka sana. Hatukujua kwamba ule mdomo unazuia jua la juu, na lile giza la chini linameza mng'ao unaotoka majini. Ukiivaa unaona mpaka mchanga ulioko chini ya maji. Ukiivua unaona kioo.

Kapelo ile mama Efrazia aliitunza kwa cherehani yake. Kila Desemba alibandua kitambaa cha chini kilichopauka, akashona kingine. Mwenyewe alisema anamvalisha mume wake kama watoto wanavyovalishwa Krismasi.

Mama Efrazia alifariki Machi mwaka jana. Tulimzika Alhamisi, mvua inanyesha, udongo mzito kama unga wa ugali uliolowa. Mzee alifika kaburini akavua kapelo kama mwanaume yeyote anavyofanya, akaiweka pembeni juu ya udongo ili ashike kamba za jeneza kwa mikono miwili. Jeneza likashuka. Kwaya ikaanza. Sisi vijana tukashika makoleo, tunapokezana kama ilivyo desturi, tunafukia haraka maana kaburi lilikuwa linajaa maji. Nyimbo ziliisha, msalaba umesimama, maua yamewekwa, mzee akawa anaangalia chini huku na huku.

Tukaelewa wote kwa pamoja. Mtu mmoja akasema, "Tufukue, haiko chini sana." Tukashika tena makoleo. Mzee akanyoosha mkono.

"Acheni," alisema. "Ameishona miaka yote hiyo. Ni yake."

Akaenda nyumbani kichwa wazi kwenye mvua. Koleo lililosukuma ule udongo na kapelo juu yake lilikuwa la kwangu. Mimi ni mtu wa utani, mnanijua, lakini hilo sijawahi kulitania mpaka leo, na leo silitanii.

Baada ya hapo mzee alifanya kazi na kofia ya pama, siku nyingine na kitambaa cha kichwani. Hakulalamika. Sisi tuliona tu kwamba fimbo anaishika mara chache. Tulidhani ni msiba.

Mwaka huu mwezi wa nne tuta la bwawa kubwa lilianza kuvuja. Mafundi wakaja, wakasema lazima bwawa likaushwe lote, tuta lichimbwe upya, na siku ikapangwa: tarehe 15 Oktoba. Samaki watakaokutwa wanaenda sokoni, maana bwawa dogo haliwezi kubeba maelfu. Mama Gaudensia akamwita mzee na Bi. Judith, afisa kijana anayepokea kazi yake, akawaambia makabidhiano ndiyo hayo: kabla ya tarehe 15, mzee awatoe mama zake ishirini na saba mmoja mmoja, amwonyeshe Judith, wahamie bwawa dogo. Bwawa likishakauka, samaki wote wakigaagaa kwenye tope, hakuna atakayemjua Mhasibu wala Mwenyekiti. Mbegu ya miaka kumi na saba inaishia kwenye kikaango.

Mzee alisema, "Sawa, Mama." Akaanza tarehe moja Septemba.

Wiki tatu alitoa wanne. Judith alikaa naye kwenye tuta na daftari kila asubuhi. Anasema mzee alikuwa anakunja uso, anaweka kiganja juu ya macho, anarusha, ndoano inatua mahali hakuna mtu. Judith akamwazima miwani yake ya jua. Mzee akaivaa, akaangalia maji, akamrudishia. "Asante mwanangu. Sasa imekuwa jioni."

Halafu tarehe 24 Septemba akarusha, akahisi uzito, akavuta. Ndoano haikuwa mdomoni. Ilikuwa imemnasa mama mmoja ubavuni, na yule mama alikuwa amebeba. Alipotikisika alitema watoto wote pale pale juu ya nyasi za tuta. Mzee aliwakusanya kwa viganja akawarudisha majini, lakini walikuwa wadogo mno, bado wana kiini cha yai tumboni. Akamtoa mama ndoano, akamrudisha. Akakaa chini. Mimi nilikuwa napita na toroli nikasema, "Shikamoo mzee." Akaitikia, halafu akasema neno moja tu.

"Sikumwona."

Judith alinifuata stoo. Msichana wa watu katoka mikoa ya mbali, mpole, lakini siku hiyo alikuwa mkali. "Kaka Yona, wewe si unauza mitumba? Ile kofia ya mzee haipatikani?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa sababu ilikuwa inapatikana. Nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nazo kumi na mbili.

Miaka minne iliyopita nilifungua belo nikakuta kapelo kumi na mbili za mdomo mrefu. Nikazitundika minada mitatu, watu wanacheka wanapita. "Hii ya bata." "Hii ukiinama inafagia." Mfanyabiashara hawezi kuchekwa kila wiki. Nikachukua mkasi, nikakata midomo, nikapinda, nikashona, zikawa kapelo kama kapelo nyingine, zikaisha siku hiyo hiyo. Na kila siku ya kazi nilikuwa nasukuma toroli hatua tano kutoka kwa mzee amevaa ya kwake. Akili yangu ya biashara siku hiyo sijui ilikuwa imepanda basi gani.

Mama Gaudensia alinipa ruhusa ya siku saba na pikipiki ya ofisi. Nilikwenda mnada wa Gitting. Nikamwona kijana wa mbuzi, moyo ukaruka, kapelo ni ile ile, kitambaa kile kile. Nikasogea. Mdomo mfupi, mshono wangu. Nikamwona fundi baiskeli: mshono wangu. Hapa Bashay katekista wetu anayo, anaivaa akienda shambani: mshono wangu, tena nilishona vizuri mpaka akanishukuru. Siku nne nilizunguka minada na kila kapelo niliyoikuta mkasi wangu umefika kabla yangu.

Katekista ndiye aliyenikumbusha. "Lakini si kuna mzee mfugaji aligombana na wewe siku ile? Alikataa usikate."

Gidahosh! Mzee Gidahosh wa Masakta. Kweli alishika ile ya mwisho kabla mkasi haujafika akaniambia, "Wewe ukinunua ng'ombe unamkata pembe?" Akaondoka nayo nzima.

Nilimkuta Masakta kwenye zizi anamwangalia ndama kwato. Kapelo iko kichwani, imepauka kama mfupa, mdomo mrefu wote upo. Nikamwamkia, nikakaa, nikapewa maziwa, nikanywa, tukazungumza mvua na malisho mpaka ikawa heshima kusema kilichonileta.

"Haiuzwi," alisema.

"Sijaja kununua, mzee. Naomba kuazima."

"Kichwa chako kina nini?"

"Si ya kichwa changu. Ni ya mzee wa samaki wa Bashay."

"Yule anayechapa maji?"

"Ndiye."

Akacheka mpaka ndama akashtuka. Akauliza kofia na samaki vinahusianaje. Nikamweleza yote, na la makaburini nikamweleza, na koleo lilikuwa la nani. Hapo aliacha kucheka. Akamshika ndama sikio. Halafu akavua kapelo, akanipa, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu akachukua ya kwangu akaivaa.

"Hiyo ni dhamana," alisema. "Akimaliza hao mama zake, yangu inarudi. Nitaifuata mwenyewe. Na samaki usiniletee."

Nikafika Bashay tarehe mbili Oktoba. Nilimpelekea mzee kwenye tuta, nikampa kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaipima kwa shibiri, akaitikia kwa kichwa kwamba ni yenyewe. Akaivaa. Judith akashika daftari. Sote tukasogea. Mzee aliangalia maji muda mrefu, akaenda upande wa pili wa bwawa, akaangalia tena. Akarudi.

"Chini ya mdomo ni nyeupe," alisema taratibu. Alikuwa anaogopa kuniumiza, nilimwona. "Mwanga unatoka majini, unagonga hapa, unanirudia machoni. Lakini umetembea sana, Yona. Asante."

Zilibaki siku kumi na tatu na mama ishirini na watatu.

Tukapaka mkaa chini ya mdomo, jasho likaushusha usoni, mzee akawa kama mchoma mkaa. Tukagundisha kipande cha mfuko mweusi, nacho kikang'aa kuliko maji. Judith alitaka kukata sketi yake, mzee akamkataza.

Jumamosi binti wa mzee, Ludovika, alikuja kutoka kazini kwake, ni muuguzi. Alimkuta baba yake amekaa nasi nje ya nyumba, kapelo magotini, akamuuliza kuna nini. Akaelezwa. Akaingia ndani. Cherehani ya mama yake ilikuwa imefunikwa shuka tangu Machi ya mwaka jana, hakuna aliyeigusa. Akafunua, akavuta droo. Mama Efrazia alikuwa na kawaida akikata kitambaa cha kapelo anakata viwili kwa mara moja, cha mwaka huo na cha mwaka unaofuata, ili asihangaike. Desemba ya mwisho alishona kimoja. Cha pili kilikuwa kwenye droo, kijani iliyokolea karibu nyeusi, kimekunjwa, sindano imechomekwa juu yake.

Ludovika akakileta nje akamwekea baba yake mkononi. Mzee akakifungua, akakilaza juu ya mdomo wa kapelo ya Gidahosh. Umbo ni lile lile. Kilizidi kidogo tu pande zote, upana wa kidole.

Mimi nikasema, "Ni kikubwa, mzee. Tukikate?" Mkasi tena! Mtu hajifunzi.

"Si kikubwa," alisema. "Ameacha nafasi ya kukunjia."

Akageuka akaangalia upande wa zizi. Ludovika alichukua kapelo, akakaa kwenye cherehani ya mama yake, akashona. Mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Kuna jirani alisimama getini, akavua kofia, akaendelea na safari.

Jumatatu saa moja asubuhi mzee alisimama kwenye tuta. Aliangalia maji kidogo tu. "Judith, andika," alisema. "Mhasibu, yuko kwenye jiwe la tatu, mashavu hayana kitu." Akarusha. Mdudu akatua. Mhasibu akaja kuhakiki.

Siku ile alitoa watatu. Kesho yake wanne. Alikuwa anamwita Judith aweke kichwa karibu na chake, anamwonyesha kwa kidole: huyu amebeba, tunamwacha, yule ametoa watoto juzi, ana njaa, huyo tunamchukua. Siku ya tano alimvalisha Judith kapelo na kumpa fimbo. Judith alirusha akanasa sweta langu. Mzee alisema, "Andika: Yona, dume, mashavu yamejaa maneno, rudisha majini." Tulicheka wote. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu msiba.

Jioni ya tarehe 14 walikuwa wamehamishwa ishirini na sita. Alibaki Mama Mkwe. Alikuwa amebeba, na mama aliyebeba hali kitu, hata umpelekee mdudu wa dhahabu. Mzee hakurusha hata mara moja. Alisema tusubiri.

Tarehe 15 mafundi walifungua maji saa mbili. Watu walijaa na ndoo zao wakisubiri tope. Mama Gaudensia alimwambia mzee, "Baba, siwezi kuwazuia." Mzee akajibu, "Usiwazuie, Mama. Waambie tu wasiingie mpaka nitoke." Akamkabidhi Judith fimbo. Akakunja suruali, akachukua ndoo ya plastiki, akaingia bwawani peke yake na kapelo ya mdomo mrefu, kama alivyoingia mwaka ule wa baridi.

Alisimama katikati, maji yamefika mapajani, halafu magotini. Hakutikisika, maana ukitikisika tope linapanda na huoni tena. Watu mia na zaidi tulimkodolea macho. Maji yanashuka, yeye ameinamisha uso, ule mdomo unaelekea huku, unaelekea kule. Ndipo nilipomwona mzee Gidahosh juu ya tuta, ameegemea fimbo yake, kapelo yangu kichwani. Amekuja kuchukua mali yake.

"Anasubiri nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mama Mkwe."

"Wa kwake?"

"Samaki, mzee."

Akanitazama kama mgonjwa.

Maji yalipofika chini ya goti, mzee Tluway alilaza ndoo taratibu ndani ya maji, akaiacha mdomo wazi, akapiga hatua moja ndogo, tena moja. Akainua. Hakuna kilichoruka, hakuna kilichomwagika. Alitoka bwawani amekumbatia ile ndoo, akapita katikati ya watu, wakampisha wenyewe. Kwenye bwawa dogo akapiga magoti akaizamisha mpaka Mama Mkwe akatoka mwenyewe, pezi limechanika vile vile, mdomo ameufunga kama kawaida yake.

Tulikaa tunamwangalia. Muda ukapita. Halafu akafungua mdomo, na watoto wakatoka kama moshi mweusi, mamia, wakaenea kwenye maji ya jua.

"Anatapika?" aliuliza Gidahosh.

"Anawatoa wakacheze," alisema mzee Tluway.

Gidahosh alitazama mpaka wakatawanyika wote. Mzee alisimama, akafuta mikono kwenye shati, akavua kapelo, akampa mwenyewe kwa mikono miwili pamoja na shukrani. Gidahosh akaigeuza, akaona kile kitambaa cha kijani na mshono wake, akapitisha kidole gumba pembeni mahali palipokunjwa. Akairudisha kichwani kwa mzee mwenyewe, akaisukuma ikae vizuri.

"Hii siyo yangu," alisema. "Ya kwangu ilikuwa nyeupe chini. Mimi nimeshazoea hii ya huyu mwongo wa mnadani." Akaondoka na kapelo yangu mpaka leo.

Makabidhiano yamekamilika. Bi. Judith amepokea mama ishirini na saba, fimbo moja, ndoano za manyoya arobaini na mbili, na daftari ambalo halikuwepo miaka yote maana lilikuwa kichwani mwa mtu. Fomu ameisaini Mama Gaudensia. Kapelo haimo kwenye fomu. Hiyo imekwenda nyumbani na mwenyewe.

Mzee Tluway, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, na kwa niaba ya kila nyumba yenye kibwawa nyuma ya migomba, tunasema asante. Umetulisha tuliokuwa tunakucheka. Mungu akupe siku nyingi, macho mazuri na asubuhi zisizo na haraka. Ukichoka kukaa nyumbani, tuta jipya litakuwa tayari Januari. Njoo usimame juu yake, hata kama ni kwa kuangalia tu.

Na ukienda kumsalimia mama Efrazia, ukivua kapelo, mzee wangu, ishike mkononi. Koleo nimelifungia stoo.

Yona, kibarua wa mabwawa